Bolti Niliyoiweka kwa Muda

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie ninayoyakumbuka kuhusu kazi. Saa imeshasimama, kwa hivyo yamebaki maandishi. Sitagusia kupanda vyeo, kwa kuwa kwenye gereji yetu hakukuwa na cheo cha kupanda. Ulikuwa fundi au ulikuwa mteja. Nitaandika juu ya kabureta, vile vyombo vya kuchanganyia petroli na hewa ambavyo nyinyi mafundi vijana wa kompyuta mmeviona mara chache na mnavishika kwa ncha za vidole, na juu ya kosa moja ambalo nimelisimulia mara nyingi huku nikilipunguza. Leo naliandika kwa ukubwa wake.

Nilianza kazi miaka ya sabini kwenye karakana ndogo nyuma ya River Road, chini ya Kalasinga mmoja mzee tuliyemwita Mistri, yaani fundi kwa lugha yao. Mistri alishughulika na kabureta tu. Gari likija na ugonjwa mwingine alilifukuza, jinsi daktari wa macho anavyomfukuza anayeumwa goti. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza kuingia pale kwa kazi ya spana, na kwa wiki nzima kila fundi aliyeniona aliniagiza chai. Mistri aliniwekea karai la mafuta ya taa, sinia nyeupe, na kabureta iliyoganda uchafu.

"Fungua, osha, funga," akaniambia. "Hapana bakisha kitu."

Nilifungua, nikaosha, nikafunga, na springi moja ikabaki kwenye sinia. Nikaitia mfukoni. Mistri aliona. Aliniacha niirudishe kabureta kwenye gari na nipige stata mpaka betri ikachoka, kisha akanyoosha kiganja bila hata kunitazama. "Leta hiyo ya mfuko," akasema. Niliona aibu sana, na nilijiapiza kwamba sitarudia. Mtaona niliishikaje ahadi hiyo.

Alinifundisha kusoma plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, injini ni nzima. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi na kavu, masizi matupu yanayopaka vidole, basi petroli imezidi, na hapo hujui bado ni kwa nini. Choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia injini baridi, inaweza kuwa imekwama. Floti, lile boya dogo linalopima petroli ndani ya kabureta, linaweza kuwa limekaa juu mno. Sindano inayofunga mlango wa petroli inaweza kuwa imelika, au jeti, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, ina tundu kubwa kupita kiasi, au kisafisha hewa kimejaa vumbi. Mistri aliyafuata haya yote kwa mpangilio uleule kila siku, hata kama jibu lilikuwa likimtazama usoni.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo niliirithi bila kuiuliza maswali. Alizungumza na mwenye gari tu. Dereva aliyetumwa aliketi nje kwenye benchi mpaka aitwe kuchukua ufunguo. Karakana zote za mjini zilikuwa hivyo, na nilipofungua gereji yangu Dagoretti Corner nilinunua benchi la madereva kabla ya kununua jeki.

Desturi yangu mwenyewe ilikuwa rangi ya kucha. Spana zilipotea kila siku, basi nikaanza kupaka vitu vyangu vyote rangi nyekundu, hata bolti za kwenye mkebe. Wizi ulikoma mara moja. Hakuna mwanamume pale Corner aliyetaka kukutwa na spana iliyopakwa rangi ya kucha.

Sasa niwalete kwenye miaka ya elfu mbili, mwanzoni mwanzoni, wakati magari yasiyo na kabureta yalikuwa yakishuka kutoka bandarini kila wiki na mimi nikaanza kuitwa mtaalamu. Nawaonya: mtu huitwa mtaalamu pale kazi yake inapokaribia kuisha, wale wengine wote wakiwa wameshaiacha. Walinitumia wagonjwa kutoka Karen, Westlands na Lavington, na mimi nikaanza kuamini ninayosikia juu yangu.

Mzee Muriuki alikuwa mwenye nyumba za kupangisha, akiishi Lavington nyuma ya ukuta mrefu. Alikuwa na gari jipya la kwendea mikutanoni, na gari dogo la zamani la Kijapani lililokuwa la marehemu mkewe. Hilo la zamani hakutaka kuliuza wala kuliona likisimama. Dereva wake, Ndung'u, mtu wa makamo wa kutoka Dagoretti, alilitumia kwa safari za sokoni, benki, na kupeleka wajukuu shule. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Kabureta yake ya asili ilikuwa imechoka. Nilimwambia Mzee tuweke mpya, na kwa kuwa ile ya kampuni haikuwa ikitengenezwa tena, nikaenda mjini kununua ile ya kuigiza inayokuja kwenye boksi lisilo na jina. Inafanana na ya asili kama pacha. Tofauti ilikuwa moja. Ya asili ilikuwa na midomo miwili midogo ya paipu: mmoja wa kupokea petroli kutoka kwa pampu, na mwingine wa kurudisha ziada kwenye tanki. Hii mpya ilikuwa na mmoja tu, wa kupokea. Nikabaki nimeshika paipu ya kurudisha, haina pa kwenda.

Kilichotakiwa ni kiungo cha njia tatu, ili ziada iendelee kurudi kabla ya kufika kwenye kabureta. Sikuwa nacho. Nikachukua bolti kwenye mkebe, nikaziba nayo ile paipu, nikaikaza kwa klipu, nikajiambia ni ya muda. Kwenye gereji zetu hakuna kinachodumu kuliko kitu kilichowekwa kwa muda. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, nikafunga boneti.

Hazikupita wiki tatu gari likarudi. Ndung'u alilileta, akaketi kwenye benchi. Mzee akapiga simu: linatoa moshi mweusi na linakunywa petroli. Nikatoa plagi, zote nyeusi, masizi matupu. Nikafuata mpangilio wa Mistri. Choki ilikuwa wazi. Kisafisha hewa kilikuwa safi. Floti niliipima kwa mkia wa biti ya drili, ikawa mahali pake. Sindano ilikuwa mpya, inang'aa. Nikazungusha skrubu ya silensa, ile ya kurekebisha mchanganyiko gari likiwa limesimama, na injini ikajibu kidogo tu. Basi zikabaki jeti, na hapo nikatoa hotuba kwenye simu. Nilimweleza Mzee kwamba Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, na kabureta iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani huwamwagia watu wa huku petroli wasiyoihitaji. Yote hayo ni kweli. Niliweka jeti ndogo, moshi ukapungua, nikaliwasha kwa dakika kumi kwenye kivuli cha gereji na halikunisumbua. Nilijisifu siku nzima.

Wiki mbili baadaye Mzee alinipigia tena, safari hii sauti yake ikiwa ya chini. Aliniomba niende kwake mwenyewe. Nilipofika nilikuta wamesimama uani: Mzee, askari wa geti, mtunza bustani, msichana wa jikoni, na Ndung'u peke yake karibu na gari, kofia mkononi.

"Mama Fundi, nataka uniambie kitu moja tu," Mzee akasema. "Hii gari inaweza kumaliza tanki mzima kwa siku tatu? Shule, soko, na kurudi nyumbani?"

Nililijua jibu alilolitaka. Nililijua pia jibu langu mwenyewe, kwa kuwa kusema ndiyo kulikuwa sawa na kusema kazi yangu ni mbovu.

"Hii injini? Haiwezi," nikasema. "Nimeitengeneza kwa mkono wangu."

Ndung'u hakuinua sauti. "Mama, ikikaa kwa jam inaanza kunuka petroli na kutetemeka. Asubuhi iko sawa. Ni ikishapata moto. Nimejaribu kuwaambia."

"Gari inanuka petroli kwa sababu inatumia petroli," nikamjibu, na askari akacheka, na mtunza bustani akacheka. Nami nilicheka.

Hebu rudini kwenye maneno yake mtazame. Asubuhi iko sawa. Ikishapata moto. Ikisimama kwenye msongamano. Mtu yule alinipa ugonjwa wote kwa sentensi nne, bure, akiwa amesimama mbele ya watu waliokwisha kuamua kwamba yeye ni mwizi. Mimi nilikuwa nimelipima gari lile kwa dakika kumi, likiwa baridi, na nikamshinda kwa mzaha. Mzee alimwambia aache ufunguo juu ya boneti, na Ndung'u akauacha, akiwa ameibandua kwanza bendeji yake mwenyewe aliyokuwa ameufungia ufunguo huo palipovunjika, akaenda kwa miguu.

Mwezi ulipita. Mzee alianza kuendesha lile gari mwenyewe, kwa uchungu wa kuwa hawezi tena kumwamini mtu. Kisha akanipigia.

"Mama Fundi, sielewi. Petroli bado inaisha."

Mwizi alikuwa amefukuzwa, na wizi ulikuwa ukiendelea vizuri. Sasa aliyeshika usukani alikuwa Mzee mwenyewe, na hakuna mtu aliyempanga mstarini uani kumhoji.

Nilikwenda Lavington asubuhi na sikulipeleka gari gereji. Nilitoa kifuniko cha kisafisha hewa, nikaliwasha, nikavuta kiti cha plastiki, nikaketi. Kwa mara ya kwanza nilifanya alichoniambia dereva: nililiacha lipate moto, limesimama. Dakika ishirini, hakuna kitu. Dakika thelathini na tano, injini ikaanza kutetemeka. Nilichungulia kwenye koo la kabureta, na hapo ambapo gari likiwa limesimama panatakiwa pawe pakavu, petroli ilikuwa ikidondoka tone baada ya tone, inateremka moja kwa moja kwenye injini.

Floti nzima, sindano mpya, na bado petroli inapita. Basi kuna kitu kilikuwa kikiisukuma kwa nguvu kuliko sindano inavyoweza kuzuia. Nikaweka kidole kwenye paipu ya pampu nikaifuata, kisha nikaifuata ile nyingine ya kurudisha, nyuma ya injini, chini ya nyaya, mpaka kidole kikagota kwenye chuma. Nikainama na tochi. Kichwa cha bolti kilikuwa na rangi nyekundu ya kucha.

Nilizima injini. Pampu ilikuwa ikisukuma ziada yake yote, ziada haina njia ya kurudi, na joto la injini likiongeza msukumo, sindano inasalimu amri. Ningeweza kuitoa bolti ile, nikaitia mfukoni, nikasema ni kabureta ya boksi lisilo na jina. Hakuna ambaye angejua. Nawaambia ukweli, niliifikiria kwa dakika nzima, na nilikuwa na umri wa kuwa na wajukuu.

Nilikata paipu, nikaweka kiungo cha njia tatu, nikairudisha njia ya ziada. Kazi ya dakika kumi. Kisha nikabisha mlango wa nyumba nikamwonyesha Mzee ile bolti na kumwambia ni yangu, na kwamba Ndung'u hakuiba hata tone.

Mzee aliigeuza geuza kiganjani. "Unajua, mafundi wengi hawangekuja kuniambia hivi," akasema. "Wewe ni mtu wa ukweli. Nitawaambia marafiki zangu."

Na aliwaambia. Mwaka ule nilipata wateja wengi wa Lavington kuliko mwaka mwingine wowote, wote wakisifu uaminifu wangu.

"Na Ndung'u?" nikamuuliza palepale mlangoni, kabla sijaondoka.

"Hiyo maneno imepita, Mama. Nimeshaandika mwingine. Sasa nikimrudisha, hawa wafanyakazi wataniona aje?"

Nilimwomba askari anielekeze kwa Ndung'u. Kabla ya kwenda nilipita River Road kwa mpiga chapa, nikamwambia anachotakiwa kuandika, naye akaniandalia barua nzuri yenye nembo ya gereji na muhuri. Ilisema kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa petroli, na kwamba matumizi makubwa ya mafuta hayakusababishwa na dereva. Niliisoma njiani, nikaiona ina heshima.

Nilimkuta Ndung'u nje ya kichinjio cha Dagoretti, ana buti za mpira, anaosha lori la nyama kwa mpira wa maji. Alizima maji, akaniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimpa barua. Aliisoma polepole, mara mbili.

"Hii inasema hitilafu ilitokea," akasema.

"Ndiyo."

"Ilitokea yenyewe?"

Niliutazama ule muhuri mkononi mwake.

"Mama, mimi sitafuti kazi kwa Mzee. Kazi nitapata. Lakini bibi yangu aliniuliza ile petroli nilikuwa namuuzia nani. Miaka kumi na nane tumekaa na yeye, akaniuliza hivyo, mbele ya mama yangu. Sasa hii nikimpelekea atasema nimeenda River Road nikachapishiwa karatasi ya bandia." Akanirudishia karatasi. "Andika ni nani alifunga hiyo paipu. Halafu uje umsomee wewe."

Nilimwomba kalamu karani wa kichinjio. Niligeuza ile barua, nikaiweka juu ya boneti ya lori na kuandika nyuma yake kwa mkono, mistari minne. Niliandika jina langu lote. Niliandika kwamba niliziba paipu kwa bolti kwa kukosa kiungo, kwamba nilisahau, kwamba Ndung'u aliniambia dalili na nikamcheka. Hilo la mwisho hakuniomba.

Kwake si mbali. Mkewe, Mama Wanjiru, alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi, na mama mkwe wake amekaa juani kando yake. Ndung'u alinitambulisha kwa jina na kazi, akasimama ukutani. Nilisoma. Mama Wanjiru hakuacha kumenya mpaka nilipofika mahali pa bolti.

"Kwa hivyo petroli ilikuwa inaenda wapi?" akauliza.

"Ilikuwa inaungua bure, inatoka na moshi."

"Haikuwa inauzwa."

"Hapana."

Aliweka kisu chini. "Mama hasikii vizuri na sikio la huku. Zunguka umsomee tena."

Nilizunguka, nikasoma tena kwa sauti ya juu. Mama mkwe aliniangalia, kisha akamtazama mwanawe. Mama Wanjiru akainuka, akapangusa mikono kwenye leso, akaenda kwenye ua wa jirani na kumwita mke wa shemeji yake. Huyo naye alikuja na mtoto mgongoni, nikasoma. Wakaja wanawake wawili wa chama chao cha kanisa, ambao siku za Jumapili walikuwa wamehamia benchi la mbele ili wasikae na mke wa mwizi, na Mama Wanjiru akawakaribisha kwa adabu, akawapa viti, akanigeukia.

"Hawa pia," akasema.

Nilikuwa nimesimama pale na ovaroli yangu, mtaalamu wa Lavington, koo limekauka, na hakuna aliyenipa maji. Ndung'u alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na mkewe alikuwa amesogea akasimama karibu naye bila kumgusa. Kisha akaingia mzee wa kanisa mwenyewe, aliyeitwa na mtoto wa jirani, akauliza kuna nini.

Mara hiyo ya tano sikuhitaji kuitazama karatasi.